Mwaka Mama Aliponunua Hema

Siku ya hitma ya Mama, wageni walipokwisha kula na wengi wao kuondoka, mzee mmoja wa Mambrui ambaye sikuwa nimemwona kwa miaka mingi alinishika mkono kwenye ngazi za baraza, akanitazama kwa macho yake mabovu, akasema, "Wewe ni mtoto wa yule sista wa hema." Hakusema sista wa hospitali, ingawa Mama alifanya kazi ya uuguzi maisha yake yote na wengi wa waliokaa barazani pale walipokewa na mikono yake walipozaliwa. Alisema sista wa hema. Ndugu yangu Athman, aliyekuwa nyuma yangu na sinia tupu, alicheka hata ikambidi aliweke sinia chini, kisha kicheko kikageuka, tukawa tunalia sote wawili mbele ya mzee wa watu ambaye hakujua amekosea wapi. Tangu siku hiyo mwaka ule hauniachi. Naosha vyombo naukuta, nakunja nguo naukuta. Nimeona afadhali niuandike.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu na Athman alikuwa na tisa. Tuliishi Mambrui, katika nyumba ya Nyanya, mamake Baba, nyumba ya mawe yenye ua katikati, pamoja na baba wadogo wawili, wake zao, watoto wao, na siku zote mtu mwingine mmoja au wawili waliokuja kwa jambo la siku moja wakakaa mwezi. Milango ilikuwa ya mbao nzito lakini mchana haikufungwa. Yaliteremshwa mapazia tu, na pazia la chumba cha wazazi wangu lilisukumwa na kila aliyetafuta sindano, dawa ya kichwa, au mtu wa kuongea naye. Mama alirudi kutoka zamu yake Malindi, viatu vyeupe mkononi, akavua sare, akajifunga leso, akaingia jikoni kuanza zamu ya pili. Sufuria ya wali ya nyumba ile haikuweza kuinuliwa na mtu mmoja. Siku moja nilimkuta amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi, nazi ya nne au ya tano, macho ameyafumba na mkono unakwenda wenyewe. Nilidhani anaomba dua. Nilipomgusa bega aliruka, akaniuliza saa ngapi. Alikuwa amelala.

Basi mwezi wa tatu hema likaja, juu ya mkokoteni, limeviringishwa katika turubai ya kijivu. Mama alikuwa amelinunua kwa familia moja ya Kiitaliano iliyokuwa ikihama Watamu. Nyanya alikuwa ameketi uani anachambua mchele. Akalitazama likishushwa, refu, limefungwa kamba pande mbili, akauliza, "Hiyo maiti ya nani?"

"Ni hema, mama," Mama akamjibu.

"La nini?"

"La kulala. Shule zikifunga nataka tutoke kidogo, mimi na Omari na watoto. Wiki moja tu."

"Kwani humu ndani mnalala wima?"

Wake wa baba wadogo walicheka wakaficha nyuso. Mama hakucheka wala hakukasirika. Alilivuta hema lile peke yake mpaka chumbani, likakaa chini ya kitanda, na kwa wiki tatu kila mtu aliyepita pale alilipiga teke kidogo kwa udadisi.

Baba alikuwa mwalimu, na hakupenda kuonekana hajui jambo lililoandikwa. Ndani ya mfuko wa hema kulikuwa na karatasi ya maelezo, yote kwa Kiitaliano. Aliisoma jioni mbili mfululizo, mara ameishika hivi, mara ameigeuza, mwisho akaichukua tukaenda naye sokoni Malindi kwa muuza nyanya mmoja aliyejifunza lugha hiyo kwa wateja wake. Yule bwana akafuta mikono, akavaa miwani, akasoma kwa utulivu wa kadhi. "Anasema hapa, msiwashe moto ndani. Hapa anasema, msilisimamishe penye upepo. Hapa anasema, msilisimamishe kwenye mchanga." Baba akamuuliza, "Sasa tulisimamishe wapi?" Muuza nyanya akaikunja karatasi vizuri, akamrudishia. "Kwao, labda."

Kambi yetu ya kwanza, mwezi wa nne, ilikuwa mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka nyumbani. Baba hakukubali twende mbali zaidi ya hapo. Alisema ni kwa ajili ya usalama wetu, lakini nafikiri aliona haya tu, alitaka kama tukishindwa tushindwe karibu. Tukachagua pahali chini ya mivinje, juu ya ufuo, na tukapeleka vitu ambavyo hadi leo nikivifikiria nachoka: magodoro mawili, seredani na gunia la makaa, sufuria tatu, nazi kumi na mbili, mbuzi ya kuzikunia, ndoo, taa, mikeka, na kabati dogo la vyombo ambalo Mama alisema hawezi kuishi bila hilo, kisha halikufunguliwa hata mara moja. Kulisimamisha hema kulituchukua kutoka adhuhuri hadi karibu na magharibi. Baba aliamuru kama yuko darasani. Athman alishika nguzo na kuambiwa asitikisike, akasahauliwa, akakaa pale ameishika, machozi yanamtoka kwa usubi waliokuwa wakimuuma miguu, lakini hakutikisika. Hema lilipokwisha kusimama lilikuwa limeinama upande mmoja kama mtu anayesikiliza. Mama akaingia ndani, akalala chali juu ya godoro, akanyoosha mikono yake yote miwili mpaka ikagusa kitambaa huku na huku. "Njoo usikie," akaniambia. Nikalala kando yake. "Nisikie nini?" "Hakuna kitu," akasema. "Si unasikia? Hakuna kitu."

Hilo halikudumu. Asubuhi ya pili walikuja wake wa baba wadogo na watoto wao, wametumwa na Nyanya kutuletea mahamri na mbaazi kwa kuwa, alisema, hakuna mtu aliyepata kushiba kwa kupika mchangani. Wakaketi. Adhuhuri likaja kundi la pili kuona kama kundi la kwanza limefika salama. Siku ya tatu habari zilikuwa zimeenea mji mzima kwamba Mwalimu Omari amejenga nyumba ya kitambaa, na watu wakaja kama wanaokwenda kuona nyangumi aliyekwama. Nilihesabu watu kumi na mmoja ndani ya hema la watu wanne, wamekaa wamekunja magoti, wanakunywa chai yetu, wanaulizana joto hili mtu analivumilia vipi. Na Mama, aliyekimbia nyumba ili asipikie umati, alikuwa nje juani juu ya mbuzi, anakuna nazi. Kila tulichokula kilikuwa na mchanga. Ulikuwa kwenye wali, kwenye samaki, kwenye chai. Kaa wadogo wa ufuoni waliingia kwenye viatu vya Baba wakamshika kidole, akapiga kelele ambayo wanafunzi wake hawakupata kuisikia. Kisha alfajiri ya siku ya tano ikaja mvua ya masika, si ya matone bali ya ndoo, na lile hema likang'oka mchangani na kupasuka, kama karatasi ya muuza nyanya ilivyotuonya. Tulirudi nyumbani tumebeba magodoro yaliyonywa maji, barabarani tukisalimiwa na kila mtu. Nyanya alikuwa mlangoni. Alitutazama mmoja mmoja, akasogea tupite, akasema tu, "Maji ya moto yako jikoni." Yalikuwepo kweli, sufuria kubwa nzima, na nadhani alianza kuyachemsha aliposikia ngurumo ya kwanza.

Nilidhani hema lingeuzwa. Badala yake Mama alilianika, akalishona palipopasuka kwa nyuzi za hospitali, na mwezi wa nane tukaenda Gede, kwenye shamba la Kadzo, muuguzi mwenzake, lililopakana na msitu. Umbali ule uliwashinda wageni wetu, hakuna aliyekuja. Kadzo alikuwa mwanamke mnene wa vicheko, alipika sima na mchunga, ile mboga chungu inayopikwa kwa nazi mpaka uchungu wake unakuwa utamu, na alitutazama sisi na hema letu kama watu wenye ugonjwa ambao bado haujapata jina. "Mimi nikipata wiki moja ya likizo," alimwambia Mama, "nitalala kitandani niwashe redio." Lakini alitupa kivuli cha mkorosho, maji ya kisima, na uhuru wa kuchuma chochote. Upepo wa kusi ulikuwa baridi na hewa ilikuwa safi. Tumbili walikuja asubuhi wakatuibia mahamri ya siku mbili, na mmoja akakaa juu ya mti akiyala huku akimtazama Athman machoni. Athman akamrushia la mwisho lililobaki, kwa hasira, naye akalidaka. Tulicheka hata Baba akalala chini. Sijui kama nilikuwa nimewahi kumwona Baba amelala chini kwa kucheka. Nyumbani Mambrui alikuwa mwana wa mamake, kaka wa ndugu zake, mwalimu wa mji. Pale chini ya mkorosho alikunja kikoi, akakaa juu ya mbuzi miguu imetanuka, akakuna nazi yeye mwenyewe, vibaya, ganda na nyama pamoja, na Kadzo akapita na ndoo kichwani akasimama kutazama. "Mwalimu," alisema, "hiyo nazi imekukosea nini?" Mama alikuwa kwenye mkeka, hafanyi chochote. Namwona mpaka leo. Alikuwa ameshika ubua wa nyasi, anautia mdomoni na kuutoa, hafanyi chochote kabisa.

Ubaya wa hema, ambao hakuna karatasi iliyotuonya, ni kwamba kitambaa hakizuii neno. Siku moja baada ya chakula cha mchana Baba na Mama waliingia kupumzika, nami nilikuwa nyuma ya hema kivulini na kitabu. Walidhani nimekwenda kisimani.

"Barua imekuja," Mama akasema.

"Barua gani?"

"Ya uhamisho. Kilifi, mwezi wa kwanza. Wana nyumba ya wauguzi, vyumba viwili."

Baba akauliza polepole, "Wamekuhamisha, au umeomba?"

"Nimeomba."

"Umeomba bila kuniambia."

"Nikwambie wapi, Omari? Chumba chetu, ukuta wa huku ni wa mamako na wa huku ni wa nduguyo. Nikifungua mdomo nasikia kitanda cha upande wa pili kimenyamaza kunisikiliza. Ndiyo maana nimekuleta hapa. Hema nililinunua ili nipate pahali pa kukwambia, na mwezi wa nne sikupata hata dakika moja."

"Na mama nimwachie nani?"

"Sikusema umwache. Mimi nitakwenda, na watoto. Wewe utaamua."

Nilisikia godoro likigeuka, kisha sikusikia kitu tena. Kitabu kilikuwa wazi mapajani mwangu na herufi zake zilikuwa zinatembea. Hakuna aliyetamka neno talaka, lakini mtoto wa miaka kumi na mitatu hulitamka mwenyewe, na mimi nililitamka moyoni jioni ile wakati Kadzo ananipakulia sima, na nikalitamka tena tulipokuwa tunalikunja hema.

Mimi mwenyewe sasa ni mama mkwe. Mwanangu na mkewe wanaishi nami hapa Malindi, katika nyumba kubwa kuliko ile, na mara mbili au tatu nimejikuta mkono wangu uko kwenye mlango wa chumba chao, nimekwisha kuusukuma, kwa sababu natafuta mkasi. Mke wa mwanangu ananipa mkasi na tabasamu, na ni tabasamu hilo linalonirudisha nyuma ya hema Gede. Nilipokuwa mdogo nilimwona Mama mwenye haki, na Nyanya niliona kama ukuta tu. Leo najua namna mkono unavyosukuma mlango bila nia mbaya, kwa mazoea ya mtu aliyekiweka kila kitu ndani ya nyumba ile na kukijua kilipo.

Nilikaa na siri ile miezi mitatu, na mahali pa kukaa nayo hapakuwa rahisi, kwa maana nililala chumba cha Nyanya. Kilikuwa chumba cha giza chenye harufu ya udi na mafuta ya nazi, kitanda cha chuma kirefu ambacho yeye alipanda kwa kigoda, na sanduku la mbao ambalo halikuguswa na mtu. Kila alasiri kabla sijakwenda chuoni kusoma Kurani nilimkanda miguu. Mwezi wa kumi na moja, siku moja, vidole vyake viko mkononi mwangu, akaniuliza bila kufumbua macho, "Wewe unaumwa na nini?"

"Siumwi, Nyanya."

"Huli. Na unanikanda kama unanifuta vumbi. Sema."

Nikasema. Nilimwambia yote, Kilifi, barua, vyumba viwili, utaamua wewe. Nilitaka anikasirikie mimi, au alie, au aite watu, jambo lolote ambalo lingelitoa lile jiwe kifuani mwangu likawe la mtu mzima. Yeye aliuvuta mguu wake taratibu, akanipa ule wa pili. "Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Basi endelea kukanda."

Likizo ya mwezi wa kumi na mbili Mama alisema tutapiga kambi Kilifi, na Baba hakuuliza kwa nini Kilifi. Asubuhi ya safari tulipotoka na mizigo tulimkuta Nyanya barazani, amevaa buibui, kando yake mkeka, kifurushi cha nguo, na birika lake la kutawadhia.

"Unakwenda wapi, mama?" Baba akamuuliza.

"Mnakokwenda."

"Sisi tunakwenda kulala chini, kwenye hema."

"Nilianza kulala kabla hujazaliwa. Sitashindwa."

Mama alisimama na sufuria mkononi. Nikatazama miguu yangu. Kisha nikamsikia Mama akisema, kwa sauti ya hospitali, "Salma, mchukulie nyanyako birika."

Kadzo alikuwa ametuombea nafasi kwenye kiwanja cha jamaa yake karibu na bahari, penye mivinje na nyasi kavu. Siku mbili za kwanza Nyanya alilalamika bila kupumua. Samaki wa Kilifi hawana ladha. Maji ya Kilifi yana chumvi. Kumwinua kutoka kwenye mkeka kulihitaji watu wawili, kwa hiyo tukamtafutia kreti ya soda, akaikalia mbele ya hema kama hakimu, akatuamuru tuligeuze hema zima lielekee upande mwingine kwa sababu jua linampiga machoni. Tukaligeuza. Lilisimama vizuri kuliko wakati wowote, na Baba akaona vibaya. Lakini asubuhi ya pili Athman alimshika mkono akampeleka kwenye maji. Nyanya alikuwa ameishi maisha yake yote mwendo wa dakika tano kutoka baharini, na nadhani tangu uzee umwingie hakuwahi kuikanyaga. Alipandisha leso mpaka magotini, akatazama wimbi likija kana kwamba litamsalimia, na wimbi likamkalisha chini. Baba akakimbia. Mama akakimbia. Walipomfikia alikuwa amekaa ndani ya maji, buibui limejaa hewa, anacheka kicheko cha msichana. "Niacheni," alisema, "niacheni kidogo." Wakamwacha. Mama alikaa kando yake, maji yanakuja yanarudi, na nilidhani mambo yamekwisha, hivyo tu, kwa wimbi moja.

Hayakuwa yamekwisha. Siku ya tatu, chai ya asubuhi ilipokwisha, Nyanya alikung'uta mchanga mapajani mwake akasema, "Sasa nipelekeni nikaione hiyo nyumba."

Baba aliangalia bahari. Mama aliniangalia mimi, mara moja tu, kisha akavaa viatu.

Ilikuwa nyumba ya tatu katika safu ya nyumba za wauguzi. Vyumba viwili, jiko dogo, bomba uani, mpapai mmoja. Haikuwa na kitu ndani na ilinukia chokaa. Nyanya alifungua bomba akalifunga. Alifungua madirisha akayafunga. Alisimama katika kila chumba kwa muda kama anayepima mtu nguo. Mwisho akaketi kwenye kizingiti, nusu yake ndani na nusu nje, akauliza, "Chumba cha pili cha nani?"

"Cha watoto, mama."

"Na mimi nikija?"

Mama akamjibu, "Ukija utalala na Salma, kama siku zote. Utakuja utakapo, utakaa utakavyo. Lakini hapa utabisha hodi, mama. Kila mtu atabisha hodi."

"Na mimi?"

"Na wewe."

Baba alisema, "Jamani," kwa sauti ndogo, na hakuna aliyejua anamwambia nani. Nyanya aliinuka peke yake, hakutaka mkono wa mtu. "Nina watoto watatu," alisema. "Sijapata kubisha hodi kwa mwanangu." Akatutangulia njia nzima kurudi hemani, na chakula cha mchana hakukigusa, na kesho yake asubuhi akamwambia Baba amrudishe Mambrui. Baba alimpeleka. Hakusema atarudi lini, na Mama hakumuuliza.

Leo najua yote yaliyofuata: kwamba tulihamia Kilifi mwezi wa kwanza, kwamba Baba alifundisha Mambrui mwaka mzima zaidi akija kila Ijumaa mpaka uhamisho wake ukapatikana, kwamba lile hema lilitupeleka mahali pengi, na wazazi wangu walizeeka pamoja wakigombana juu ya vigingi. Lakini wakati ule hatukujua kitu. Tulikuwa watatu kwenye hema chini ya mivinje, na Mama alipika kila mlo kwa watu watano. Nilimwona akipima mchele kwa kikombe, wa tatu, wa nne, wa tano, kisha akasimama, kisha akauacha hivyo hivyo. Jioni ya kwanza nilikaa karibu naye kwenye seredani nikamwambia, "Mimi ndiye niliyemwambia Nyanya." Nilikuwa nimefunga macho kungoja kofi.

"Najua," alisema. "Nilijua nilipomwona barazani na birika lake."

"Nilisikia Gede. Nilikuwa nyuma ya hema."

Alipuliza makaa, majivu yakamrukia usoni. "Umebeba tangu Gede?" Akaniangalia, na hasira niliyoitarajia haikuwepo, kulikuwa na jambo baya zaidi kwangu, alikuwa ananionea huruma. "Na mimi nilikuwa sijui nimwambie vipi. Kila siku nilisema kesho." Akafuta majivu kwa mgongo wa mkono. "Ningetaka uniambie mimi kwanza, Salma. Lakini yamekwisha kusemwa, na sikuyasema mimi. Usilie. Koroga hiyo chai."

Siku ya tatu tangu waondoke, kiasi cha saa tano asubuhi, nilikuwa nasugua sahani kwa mchanga na Athman alikuwa majini. Mama alikuwa ndani ya hema amejilaza, mlango wa zipu umefunguliwa nusu, miguu yake inaonekana. Nikamwona Baba anakuja kutoka barabarani, na kando yake, polepole, akisimama kila baada ya hatua chache kuvuta pumzi, buibui jeusi. Nilitaka kuita. Baba akaniinulia mkono kwamba ninyamaze. Alisimama mbali kidogo, kwenye mvinje wa mwisho, akamwacha mamake aje peke yake.

Nyanya alifika mbele ya hema. Kwa mazoea yake angeinama akaingia, kama alivyosukuma pazia lile la Mambrui miaka yote. Aliinua mkono wake kupiga mlango, akakuta hakuna mlango, kuna kitambaa tu kinachopepea, na mkono ukabaki hewani. Akautazama. Akaushusha.

"Hodi," akasema, kwa sauti ya chini, yenye kukwaruza.

Miguu ya Mama iliacha kucheza. Hakuna jibu lililotoka. Nadhani hakuamini masikio yake, au labda alitaka kulisikia vizuri, sikupata kumuuliza na sasa siwezi tena.

"Hodi!" Nyanya akarudia, safari hii kwa nguvu, na ukali wake wote ulikuwamo.

"Karibu, mama," Mama akajibu kutoka ndani, na sauti yake ilikuwa imevunjika. "Karibu ndani."

Nyanya alishika goti, akainama, akaingia. Nilisikia akihema, akijiweka sawa juu ya godoro, akikung'uta viatu vyake kimoja kimoja. Kisha nikamsikia akiuliza, kama mtu aliyefika wakati wake wa kawaida, "Mmekula?"

"Bado," Mama akasema. "Tulikuwa tunawangojea."